Maneno Aliyoyafuta Shangazi

3 Februari

Kwa Kidole, mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini barua yako ya mwisho ina umri wa miezi kumi na minne, na shikamoo yako nimeona nijiitikie mwenyewe kabla haijachacha. Mimi mzima. Goti la kulia linagoma kupanda ngazi za ofisi, la kushoto bado lina adabu. Jirani wa mbele, yule mshona viatu, mkewe amejifungua mapacha, na wanalia kwa zamu ili tusipate nafasi ya kuwasahau. Bati la uani limezibwa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Wakili ameleta kompyuta mbili. Moja amempa binti wa mapokezi, ambaye anaitumia kupanga karata, na moja amenipa mimi. Taipureta yangu imepandishwa juu ya kabati la mafaili na kufunikwa gazeti. Nimechapa kwa mashine ile miaka ishirini na sita, nyaraka za mahakama, mikataba, wosia za watu. Wakili hakusema kwa ubaya. Amenipa mpaka mwisho wa mwaka nijifunze, na ikinishinda atanifanyia sherehe nzuri ya kuniaga. Mtu akikutajia sherehe ambayo hukuiomba, ujue hotuba ameshaiandaa.

Wewe ndiyo kazi yako huko uliko. Kama una nafasi, nielekeze nianzie wapi. Sikuandikii kukulaumu kwa lolote. Nakuandikia kuhusu kompyuta.

Shangazi yako


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenikuta mzima, karakana ile ile, chini kabisa ya jengo la ofisi. Chumba hakina dirisha. Kuna meza tatu, na juu yake kompyuta zimefunguliwa matumbo, kila moja na karatasi inayosema inaumwa nini. Bosi wangu ana kikohozi na hapendi redio, kwa hiyo siku nzima nasikiliza feni. Wape hongera wazazi wa mapacha.

Nimefurahi kuhusu kompyuta. Nakutumia kitabu cha mwongozo wa programu ya kuandikia, kurasa mia nne na ushee. Usikisome kama riwaya. Soma ukurasa mmoja, gusa mashine, fanya kilichoandikwa, kisha soma mwingine. Kikisema kitu ambacho hukioni kwenye skrini yako, usidhani umekosea, toleo la kitabu na la mashine yako hayalingani sana. Na usiogope. Huwezi kuiharibu kwa kubonyeza. Katika mashine zinazoletwa hapa, nyingi zimeharibiwa na chai.

Kimya changu usikihesabu, Shangazi. Kazi zimebana.

Kidole


19 Machi

Kidole mwanangu,

Marahaba. Kitabu kimefika, pembe moja imekunjika lakini maneno yote yamo. Mimi sijambo, goti halijambo zaidi yangu. Mapacha wamepewa majina manne kwa sababu bibi zao wawili wamekataa kukubaliana.

Umeniambia nisisome kama riwaya. Nimesoma kurasa mia na kumi na mbili kabla ya kuiwasha mashine, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi, na usinifundishe kuvuka barabara. Kitabu kina dharau. Kila baada ya ukurasa kinaniambia jambo ni rahisi. Lingekuwa rahisi kisingekuwa kinene hivi.

Sasa sikiliza. Nilichapa mkataba wa upangaji, kurasa tatu, safi, pambizo zimenyooka. Wakili akasoma, akafurahi, akasema niondoe neno moja tu kwenye aya ya kwanza. Nikaliondoa. Mkataba mzima ukavurugika. Mstari mmoja mrefu, unaofuata una maneno mawili, mwingine mrefu, mwingine umekatika katikati. Vichwa vya habari nilivyoviweka katikati ya ukurasa kwa kuhesabu nafasi vikahamia pembeni. Nikauchapa upya wote. Wakili akaongeza neno, ukavurugika tena. Binti wa mapokezi alicheka hadi akapoteza karata zake. Kwenye taipureta nilikuwa sikosei mara mbili kwa wiki.

Niambie ukweli, mashine ni mbovu au mimi ndiye mbovu?

Shangazi yako


8 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumai goti limeendelea kuwa na heshima. Nilicheka barua yako mpaka bosi akauliza kama nimepata mchumba. Mashine ni nzima na wewe ni mzima. Kosa lako ni la mtu anayejua kuchapa, asiyejua hawezi kulifanya.

Kila ukifika mwisho wa mstari unabonyeza kitufe kikubwa cha kulia, sivyo? Kama ulivyokuwa unarudisha roli ya taipureta. Acha. Kompyuta inashuka mstari yenyewe. Kitufe kile ni cha kumaliza aya tu. Juu ya skrini kuna alama ndogo kama herufi P iliyogeuka, ibofye, utaona kila mahali ulipokata mstari na kila nafasi uliyohesabu. Zifute moja moja, mkataba utajipanga wenyewe. Kuweka vichwa katikati kuna kitufe chake, sura ya tatu.

Kidole kinachobonyeza hivyo nakijua. Nilikuwa nakaa chini ya meza yako baada ya shule nikisubiri kengele ya mashine ilie, kisha mkono wako urudishe roli. Ukinipa karatasi zilizoharibika, nami nachapa kwa kidole kimoja, wakili wa wakati ule akanibatiza jina ambalo halijanitoka. Hapa nimefungua mashine mia na zaidi, hakuna hata moja yenye kengele. Nimeikumbuka sana. Nimekumbuka na mlango wa mbele wa nyumbani unaokwama ukisukumwa bila kuinuliwa, na wewe ukisema inua, inua, hujala?

Bado unakwama?

Kidole


2 Juni

Kidole mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, usidhani nimenuna. Mlango bado unakwama. Mapacha sasa wanakaa wenyewe, wakiegemezwa.

Alama zako nimeziona. Nilibofya ile P, ukurasa ukajaa vidudu, nikaona makosa yangu yote yamepangwa kwa mstari. Nilizifuta mia mbili na kumi na nne. Mkataba ukajipanga kweli, nikaketi nikautazama tu. Tangu siku hiyo sijarudisha roli ambayo haipo, ingawa kidole kinaniwasha.

La pili ni la kujisifu. Printa ilikuwa inatoa karatasi nyeupe. Wakili akasema aitwe fundi. Nikasema fundi tunaye nyumbani, yuko mbali kidogo, nikafungua sura ya mwisho ya kitabu, ile yenye jedwali la hitilafu. Je, umeme upo? Upo. Je, waya umeshika? Umeshika. Je, wino mpya umetolewa utepe wake? Nikamwita binti wa mapokezi, ndiye aliyeubadilisha. Akaniambia utepe gani. Nikauchomoa wino, nikabandua utepe wa njano, nikaurudisha, ukurasa ukatoka na maneno. Sasa binti ananiita fundi, na nusu yake ni heshima.

Jumapili ya mwisho wa mwezi nilikwenda kusafisha kaburi la baba yako. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, nikazing'oa. Miaka miwili imetimia tangu tumzike.

Basi. Wakili anataka nijifunze jambo jipya. Mkataba ukirekebishwa, upande wa pili waone kilichofutwa na kilichoongezwa. Kitabu kinalisema kwenye sura ya tisa lakini kinazunguka. Wewe unalieleza vipi?

Shangazi yako


20 Julai

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima. Bosi amepona kikohozi na sasa anaimba, tunamwombea kirudi. Barua yako nimeisoma yote.

Hongera kwa printa. Wapo mafundi wanaolipwa ambao wangefungua kila skrubu kabla ya kukumbuka utepe.

Sura ya tisa ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Andika kwanza barua yoyote, chochote kinachokujia, usijisahihishe. Ukimaliza, nenda kwenye menyu ya zana, iambie programu ianze kufuatilia mabadiliko. Kisha ndipo usahihishe. Unachofuta kitakatwa mstari mwekundu, unachoongeza kitapigiwa mstari chini. Ukitaka kusoma barua bila mistari hiyo, ondoa tiki kwenye sehemu ya kuonyesha mabadiliko. Jaribu, uihifadhi kwenye diski, unitumie nione.

Likizo mwaka huu sijui itakuwaje. Kazi zimebana mno.

Kidole


14 Agosti

Kidole mwanangu,

Marahaba. Zoezi limo humu ndani ya diski, nimelizungushia gazeti lisivunjike. Nilifanya kama ulivyosema. Niliandika cha kwanza kilichonijia, kikawa kibaya, nikawasha ile ya kufuatilia, nikasahihisha. Nilipomaliza nikaondoa tiki ili usisumbuke na uchafu wangu. Sasa ni safi, nimeisoma mara mbili. Nipe maksi.

Shangazi yako

(Ndani ya diski:)

Mpendwa Kidole,

Hapa sote hatujambo. Chumba chako kimepata kazi, nimeweka humo makasha ya mafaili ya zamani ya ofisi. Mambo ya msiba wa baba yako yamepita na hatuna haja ya kuyarudia. Najua kazi zimekubana. Usijisumbue kuja mwaka huu.

Shangazi


9 Septemba

Shikamoo Shangazi,

Nimeandika salamu mara tatu nikazichana. Leo pokea hiyo shikamoo peke yake.

Diski yako niliifungua juzi mchana, bosi akiwa ametoka kula. Nikaweka ile tiki uliyoiondoa, nikidhani nitakusahihishia zoezi. Shangazi, hukuyafuta maneno yale. Uliyaficha. Kwenye taipureta ukipaka wino mweupe neno limekwisha. Mashine hii ukiiambia ifuatilie mabadiliko haitupi kitu. Inakichora mstari katikati na kukiweka. Ukiondoa tiki, kinaondoka machoni tu, lakini kwenye diski kimo. Nimeyaona yote, mekundu.

Chini ya "sote hatujambo" kuna "niko peke yangu na nyumba imekuwa kubwa." Hakuna makasha ya mafaili. Kuna "chumba chako kiko vile vile, shuka nalifua kila mwanzo wa mwezi ingawa hakuna aliyelilalia." Na pale ulipoandika kwamba mambo ya msiba yamepita, umekata maneno haya: "Nilizuia mazishi kwa saa mbili nikikusubiri. Watu wamesimama juani nami nawaambia bado kidogo, yuko njiani. Sijui kama nitakusamehe." Halafu mwisho kabisa, neno "njoo" mara nne, limekatwa mara nne.

Nilizima mashine nikaenda kusimama ngazini.

Sijawahi kukwambia hili. Simu yako ya msiba ilinikuta karakana Jumanne. Jumatano asubuhi nilikuwa kituo cha basi, nimevaa shati jeupe, begi miguuni. Basi likaita abiria mara mbili. Baba alipokuwa kitandani miezi ile minane, kila uliponipigia nilikwambia mwezi ujao. Ukikata simu naye anauliza, nawe unamwambia mwezi ujao. Nilipoutazama mlango wa basi nikajua atakayenipokea ni wewe. Baba nilikuwa nimekwisha kumchelewa. Niliogopa uso wako. Nikakaa kwenye benchi mpaka basi likaondoka, kisha nikarudi nikatengeneza mashine ya mtu. Si kazi iliyonizuia, Shangazi, na mwaka huu pia si kazi. Natamani nyumbani mpaka naona aibu, mtu mzima na ndevu zangu.

Diski nairudisha. Kila ulichofuta, programu inakuuliza ukubali kifutwe au ukatae. Ukikubali, kinafutika kweli. Ukikataa, kinarudi mahali pake. Iko ukurasa wa mia tatu na kumi. Sijabofya chochote, barua ni yako. Nataka kujua tu umebakiza nini.

Kidole


28 Septemba

Kidole,

Leo sikusalimii. Habari za jirani pia hazimo.

Siku tatu sikugusa kompyuta. Nilikuwa na hasira na wewe, na kitabu, na aliyetunga sura ya tisa. Mwanamke mzima nimevaa nguo zangu, kumbe mashine imenionyesha kwa mtu kama nilivyo. Ulikuwa na haki ya kufungua diski, nimekutumia mwenyewe, lakini hilo halikunizuia kukasirika.

Siku ya nne nikakumbuka mkataba wa ghala. Ulikuwa tayari kwenye diski, unasubiri kupelekwa kwa wakili wa upande wa pili mchana ule. Nikaufungua, nikaweka tiki. Ndani yake kulikuwa na maneno ya wakili wetu aliyoniambia niyaondoe: "Hiki kifungu watakiruka, mteja wao hasomi." Yamekaa pale, mekundu, yanasubiri kusomwa na mteja huyo huyo. Nilimwita wakili wetu, nikamwonyesha. Akavua miwani akaifuta. Sherehe ya kuniaga haitajwi tena hapa, na mikataba yote inapita kwangu kabla ya kutoka mlangoni.

Sasa lako. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilikulaumu. Nilikulaumu pale kaburini, na mwaka mzima baadaye, nikiwa nachapa wosia za baba wa wenzio waliofika kwa wakati. Nilikuwa nimejiambia hukujisumbua hata kufunga begi. Kumbe ulikuwa umekaa kituoni na shati limepigwa pasi, na hapakuwa na mtu wa kukwambia panda. Hilo la shati limenimaliza. Nimelia ofisini, binti wa mapokezi akaniletea maji na akaacha karata kwa saa nzima.

Na baba yako nilimdanganya, ujue na hilo. Wiki yake ya mwisho nilimwambia umeshakata tiketi. Alitaka nikuandalie kitanda, nikakitandika mbele yake. Akalala vizuri. Basi tumemkosea wote wawili, na mimi nilikuwa karibu.

Uso wangu unaouogopa ndio huu huu uliokuwa ukikukagua masikio kabla ya shule. Umezidi mikunjo, haujazidi ukali.

Jana wakili akiwa mahakamani niliketi na ukurasa wa mia tatu na kumi. Nikapita neno kwa neno, kama ulivyosema. Niliyoongeza nimeyaondoa, makasha ya mafaili na kila kitu. Niliyofuta nimekataa yafutwe. Upweke umerudi, shuka limerudi. Saa mbili za juani zimerudi, kwa sababu zilikuwepo na sitajifanya hazikuwepo. Njoo zimerudi zote nne, nimezihesabu kwa kidole kwenye skrini.

Mstari mmoja tu ndio niliokubali ufutwe, ule wa kusema sijui kama nitakusamehe. Nimeweka tiki, nimeondoa tiki, nimezima mashine na kuiwasha. Haupo. Kama huamini, panda basi uje uutafute mwenyewe.

Shangazi yako